Udi wa Sukari ya Kibali

Sukari ya harusi ya dada ilikuwa kilo 20. Kibali kiliandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri, baba akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa shati, na shati lile hakulivua mpaka sukari ilipoingia ndani. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ameshaandika barua kuthibitisha kwamba kweli kuna binti anaozwa, isije ikadhaniwa tunatafuta mali ya kulangua. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1983, nasi tukikaa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba: nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, mpapai mmoja pembeni mwa kisima.

Zile kilo 20 baba alizigawa kichwani. Hizi za chai, hizi za maandazi, hizi za siku watakayokuja wakwe. Mama hakubisha hata neno moja. Usiku watu walipolala aliniamsha nimshikie kibatari, akafungua mfuko, akachota kibaba kimoja cha kujaa pomoni, kisha akaufunga tena kwa fundo lile lile la baba.

"Ya nini hiyo, mama?"

"Nguo yangu. Kalale."

Nilikuwa na miaka 11, kitinda mimba, na sikuelewa mtu atavaaje sukari.

Nguo zenyewe mwaka ule zilikuwa hadithi. Duka la ushirika likipokea mzigo, habari ilitangulia kabla ya lori, na alfajiri ungekuta foleni ya mawe, matofali na makopo, kila kimoja kimewekwa na mwenyewe kishikilie nafasi yake. Unaweza kusimama tangu alfajiri mpaka adhuhuri ukaambiwa kilichobaki ni viberiti. Unga ulikuwa ule wa njano tuliouita unga wa Yanga, na hata mashabiki wa Simba waliula. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Ukiyaponda yanatoa povu kidogo na uchafu unatoka, ila nguo inabaki na harufu ya ubichi, kama umeianika kichakani. Mpapai wetu ulikuwa umekonda kwa kuchumwa majani.

Kanga nzuri zilikuwa Mombasa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, lakini bahari haina komeo. Mashua zilikuwa zikitoka upande wa Vanga usiku, zikija Jasini na Moa, na asubuhi mwanamke fulani angepita uani kwenu na kikapu cha mihogo ambacho chini yake mlikuwa na vitu visivyokuwa mihogo. Ndivyo mama alivyopata doti yake mwaka mmoja kabla ya harusi: nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kitambaa kizito, chapa ya Mali ya Abdulla ukingoni. Aliinunua dada akiwa hajaposwa bado. Akaitia chini kabisa ya sanduku, pamoja na vipande vya liwa, akasema hiyo haivaliwi mpaka siku ya mwanawe.

Halafu mwishoni mwa Machi 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Mji mzima ukawa unatembea kwa kunyata. Waliokuwa na maghala walikamatwa, na wasiokuwa na maghala wakaogopa kama wanayo. Nakumbuka asubuhi moja tukienda shule tulikuta mtaroni betri za tochi, mpya, zimelowa, na mbele kidogo jora la kitambaa cha shuka limetupwa kwenye matope ya masika. Hakuna aliyeokota. Tulipita tukitazama mbele, watoto wa darasa la nne, tumeshajua.

Shangazi, dada yake baba, alikuja siku hiyo hiyo. Kwetu shangazi ni mtu mwenye sauti. Binti ni wa upande wao, na harusi anaiona yake. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwambia mama:

"Wifi, ile doti itoe. Ina chapa. Utatufungisha watu kwa kanga mbili."

"Nitaitoa," mama akajibu. "Siku ya harusi."

Alilolifanya lilimchukua juma zima. Ule ukingo wenye chapa aliukunjia ndani, upana wa vidole vinne, akaushona kwa mkono, nukta ndogo ndogo za uzi mweusi zisizoonekana mpaka uinamie. Kanga ya kiunoni ikawa fupi. (Novemba ya mwaka ule ule mpaka ulifunguliwa, akafumua pindo lake, na kile kipande cha vidole vinne kilikuwa kikali rangi kuliko kanga nzima; mpaka ilipochakaa kabisa ilibaki na mstari huo.) Kanga ikiwa fupi, miguu inaonekana. Miguu ikionekana, hina haiwezi kuishia unyayoni kama ya mama mtu mzima, lazima ipande. Na mama mtu mzima mwenye hina ya kupanda ni maneno. Wanawake watatu walijadili jambo hili jioni mbili mfululizo. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekata shauri: hina itapanda mpaka kwenye vifundo, bila maua, rangi tupu, kama soksi. Maua ni ya mwali.

Hapo ndipo ugumu wa kuwa mama wa bibi harusi ulipo, kwetu pwani. Hatakiwi kung'ara. Siku hiyo ina mwenyewe. Akijipamba sana ataambiwa anaolewa yeye, asipojipamba ataambiwa nyumba ina njaa, au amechukia posa. Tena haketi mahali akaonekana. Anashinda uani na masufuria, moshi machoni, anaulizwa chumvi iko wapi, nazi zimebaki ngapi, na ghafla anaitwa: wakwe wamefika. Ana muda wa kufuta mikono tu. Atoke hapo, avuke ukumbi, atokeze mbele ya wanawake arobaini waliokuja maalumu kumtazama yeye, maana kwa kumtazama mama ndio wanajua binti atakuwaje akifika miaka hamsini.

Mama alikuwa amelifikiria hilo. Nguo hana zaidi ya ile doti ya vidole vinne pungufu. Viatu hana, ana makubadhi yaliyoshonwa mara mbili. Dhahabu yake iliuzwa baba alipougua. Lakini maua hayaji kwa mgao, wala hayana foleni. Akaamua kwamba hataonekana. Atanukia.

Tangu hapo nimekutana na wanawake wengi waliopendeza, na mimi mwenyewe mwaka 2014 nilimwoza binti yangu Dar es Salaam kwa utaratibu wa sasa: kamati, kitchen party, sendoff, sare za shangazi rangi moja na za mama wadogo rangi nyingine, kilemba kilichofungwa na fundi kikasimama kama tanga la jahazi. Kijana wa meki-apu alinipaka kwa saa mbili na nusu. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwamkia yule mama. Picha zipo, nimependeza kweli, sisemi uongo. Ila hakuna aliyenisogelea akavuta pumzi.

Udi wa kupika unahitaji sukari, na hapo ndipo kile kibaba kilipokwenda. Vipande vya udi vyenyewe bibi alikuwa navyo kwenye kopo la maziwa ya unga, akiba ya miaka, vingine alivyoletewa kutoka Unguja na vingine hakumbuki. Aliviloweka kwenye marashi ya mawaridi siku mbili. Karafuu na hiliki zilitoka milimani, upande wa Amani, kwa mjomba. Zikatwangwa, zikachekechwa kwa kitambaa. Liwa nilisaga mimi, kwenye jiwe lake, kwa maji kidogo kidogo, mpaka kiganja kikaota malengelenge. Kulikuwa pia na kichupa cha mafuta mazuri, kimebaki vidole viwili, ambacho jirani yetu mshona cherehani alikitoa kwa masharti kwamba chupa irudi.

Walipika saa ya magharibi, baba akiwa msikitini. Sufuria ndogo, moto wa makaa umepunguzwa mpaka ukabaki majivu mekundu. Sukari inayeyushwa polepole. Kwanza inalia, halafu inanyamaza, halafu inageuka rangi ya asali, na hapo ndipo unapokaa na mwiko mkononi bila kupepesa. Ikipita asali ikaingia kahawia, imeungua, na udi wote utanuka karamu ya watoto. Bibi alikuwa akiinua mwiko na kutazama uzi unaoning'inia. Ukikatika, bado. Usipokatika, tia.

Uzi ulikuwa karibu kuacha kukatika tuliposikia hodi. Balozi.

Alikuwa mtu mwema, yule mzee, lakini miezi ile hata watu wema walikuwa wakitazama ndani ya masufuria. Alivuka ukumbi mpaka mlango wa uani, akasimama, pua juu.

"Mnapika nini, kina mama? Harufu imenitoa njiani."

Bibi hakugeuka. Mwiko ulikuwa juu, uzi umening'inia haukatiki, na hakuna nguvu duniani ingemfanya aache.

"Halua," mama akasema.

"Halua! Mwaka huu?"

"Ya mwanao."

"Basi mtanibakizia," akasema, akaaga. Nasi tukatia vipande, karafuu, liwa, mafuta, bibi akakoroga kwa mikono miwili, akamwaga kwenye sinia, na mchanganyiko ukatulia mweusi unang'aa kama lami ya barabara mpya. Ulipopoa tukauvunja vipande. Siku ya harusi balozi aliuliza halua mara tatu. Mama akamwambia imekwisha kwa wageni wa Pangani, na akamfungia maandazi sita badala yake. Sijui kama alisadiki. Nadhani mkewe, aliyekuja akafukiziwa kanga zake kwetu, alimweleza.

Mengine yalikuwa ya kuazima. Vipuli vya dhahabu vilitoka nyumba ya tatu, buibui jipya nyumba ya mkabala, kioo kikubwa kwa shangazi, na alikileta mwenyewe kichwani ili watu waone ni chake. Nywele alisukwa na mwanamke mmoja wa barabara ya nyuma, hodari lakini mwenye mdomo, aliyependekeza msuko uitwao twende kilioni. Unakaa vizuri, mistari inakwenda nyuma bila kuyumba. Bibi akakataa katakata. "Jina gani hilo la kuendea harusini?" Msusi akaeleza kuwa hakuna atakayeuliza kichwa jina. Bibi akasema wa Pangani watauliza. Akasukwa mistari ya kawaida, ikapakwa mafuta ya nazi tuliyoyapika wenyewe, kisha kila njia ikapitishwa dalia kwa ncha ya kidole. Ukimwinamia mama kichwa ulikuwa unaona vijito vya manjano vinakwenda shingoni.

Vikuba tulifunga sisi watoto. Asumini huchumwa jioni, vitumba vikiwa bado vimefumba, ili vifunguke usiku vikiwa tayari mwilini mwa mtu. Tulizunguka nyumba nne na makanda, tukiomba. Mlangilangi ulikuwa uwanjani kwa jirani aliyekuwa hasemi na baba kwa ajili ya mpaka wa ua. Alitufungulia mlango bila neno na kutushikia ngazi. Rehani ilikuwa kwetu. Mkadi ulitoka kwa bibi mmoja kizee aliyetaka kwanza tumsomee barua ya mwanawe. Uzi haukuwepo, kwa hiyo tukachomoa ule wa mshono wa mfuko wa sukari, na hapo baba akagundua kwamba mfuko umefunguliwa, akaupima kwa mkono, akamtazama mama, mama akamtazama. Aliondoka akikohoa.

Usiku wa kuamkia nikahi, mama alijifukiza. Chetezo kiliwekwa sakafuni, tenga likafunikwa juu yake, kanga zikatandazwa juu ya tenga. Yeye akakaa juu ya kibao, gauni limemwagika pande zote, moshi unapanda ndani yake na kutokea shingoni. Alikaa hivyo kama nusu saa, macho yamefumba. Wanja ulimteremka kidogo. Nilidhani ni moshi.

Harusi yenyewe nitaipitia haraka, kwa sababu mimi nilikuwa mlango wa uani muda mwingi nikilinda sahani. Waume walikwenda msikitini. Mashahidi walikuja kumuuliza dada nyuma ya mlango kama ameridhia, akanyamaza kwanza kama inavyopasa, akasema ndiyo. Jioni kikapiga kikundi cha taarabu. Tanga ndio mji uliowatoa Black Star na Lucky Star, na hata mwaka wa shida, harusi isiyopigwa taarabu ilihesabika msiba. Kati ya nyimbo, mama akaitwa kutunza.

Huo ndio muda wenyewe. Wakwe wameketi mbele, wamekuja kutoka Pangani juu ya lori, wanawake wa haja, wenye shingo. Mama akatoka uani. Nilimwona amesimama kwenye giza la ukumbi, amefuta mikono, amenyoosha kanga ya begani ili jina lisomeke, akapachika kikuba upande wa kushoto, akavuta pumzi. Akaingia kwenye mwanga wa karabai akitembea polepole mno, noti ya shilingi 20 imekunjwa kati ya vidole viwili, hina yake ya soksi ikionekana kila hatua.

Hakuna aliyetazama hina. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti na niliona kitu kile kikipita: kila safu aliyoipita, vichwa viligeuka baada yake, si kabla. Kwanza anapita, halafu harufu inafika, halafu wanageuka. Udi, kisha asumini, kisha liwa chini kabisa, baridi. Mwanamke mmoja wa Pangani, mzee kuliko wote, alifumba macho. Mama akatoa noti yake, akageuka, akarudi kwa njia ile ile, na vichwa vikageuka tena.

Kesho yake walipokuja kumchukua bibi harusi ndipo walipotoa sinia. Mkaja ni ile nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, tumbo lirudi mahali pake. Ubeleko ni ile ya kumbebea mtoto mgongoni. Binti anapoozwa, upande wa mume humlipa mama vitu hivyo viwili, mbali na mahari ambayo ni haki ya binti mwenyewe, na baba hupata kilemba. Siku zile watu wengi walishageuza kuwa fedha ndani ya bahasha. Ubeleko ulikuwa bahasha. Lakini juu ya mkaja palikuwa na nguo ya kweli, doti ya Urafiki, kijani na njano, na yule mzee aliyefumba macho akaeleza bila haya kwamba ni mgao wa kazini wa baba wa bwana harusi, doti moja, na mkewe hajaivaa.

Mama aliishika. Akaifunua nusu. Shangazi alikuwa nyuma yake tayari kuipokea aikunje, ipelekwe ndani kama inavyofanywa. Mama hakumpa. Akaikunja kipande kimoja kwa urefu, mkunjo wa upana wa kiganja, akajizungushia tumboni juu ya ile doti yake ya Mombasa, mara mbili, akakaza, akafunga fundo upande kama mzazi wa siku saba. Kijani juu ya nyekundu. Haikupatana hata kidogo. Kanga aliyoilinda mwaka mzima, aliyoishona juma zima, haikuonekana tena ila chini ya magoti na kifuani.

"Wifi, unaharibu," shangazi akanong'ona.

"Naumwa tumbo," mama akasema.

Wanawake wa Pangani wakapiga vigelegele, na dada, aliyekuwa amefunikwa asionekane, akaanza kulia ndani ya shuka kwa sauti iliyotufanya sote tutazame chini. Mama hakulia. Alimsindikiza mpaka kwenye lori akiwa amejikaza vile vile, akampandisha kwa mikono miwili, akashika ubao wa lori mpaka lilipoanza kwenda.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kurudisha. Mimi ndiye niliyezunguka: vipuli nyumba ya tatu, buibui mkabala, chupa tupu kwa mshona cherehani, aliyeinusa akaridhika. Kioo shangazi alikijia mwenyewe. Mama alivua vyote, akafunga kanga kuukuu ya kushindia, akasugua masufuria kwa majivu na kufua nguo kwa majani ya mpapai. Miguuni hina ilikuwa bado kali. Vinginevyo alikuwa mama yule yule.

Jioni ya pili baba alirudi kazini akaingia ukumbini. Kulikuwa na giza, kibatari hakijawashwa. Alisimama pale kwenye mlango wa chumba chao, akavua kofia.

"Nani kaja?" akauliza. "Tuna mgeni?"

Mama akamjibu kutoka ndani kwamba hakuna mgeni, ni yeye tu, na maji yake ya kuoga yako bafuni yanapoa.